Kuuza Shamba la Mikarafuu kwa Ada ya Uhandisi wa Viwanda: Tupime Vipi?

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hesabu, na amepata nafasi ya kusoma uhandisi wa viwanda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka minne. Nataka kuuza shamba la mikarafuu alilotuachia marehemu mama, mimi na dada zangu wawili, nilipe ada. Ami yake anasema Pemba hakuna viwanda, kwa hivyo tutakosa shamba na kazi pia. Wengine wanasema tuombe mkopo wa serikali, lakini nachelea riba. Naomba muongozo.

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na swahaba zake.

Ndugu yetu muulizaji, suali lako lina mambo manne ndani yake: fani yenyewe, hesabu ya gharama, njia ya kupata fedha, na haki za watu. Tutayachukua moja moja.

Fani hii ni ipi?

Jina limemkosesha ami yake. Mhandisi wa viwanda si fundi wa mashine. Mhandisi wa mitambo hushughulika na mashine yenyewe. Huyu wa viwanda hushughulika na mpango mzima wa kazi: watu, mashine, malighafi, muda na fedha, vipi vikutane bila ya kupotea kitu. Husoma hesabu za takwimu, udhibiti wa ubora, upangaji wa uzalishaji, usalama kazini na gharama.

Chukua mfano wa bandarini. Meli imefika, makontena yanashushwa, na magari yamepanga foleni. Kwa nini mzigo unakaa siku nyingi? Je, kreni ni chache, au karatasi zinachelewa, au magari yote yanakuja saa moja? Kulijibu suali hilo kwa vipimo badala ya kukisia ndiyo kazi yake. Kazi kama hiyo ipo kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo Wawi, kiwanda cha sukari Mahonda, bohari za dawa za hospitali, viwanja vya ndege na mahoteli makubwa.

Hata hivyo ami yake hajakosea kila kitu. Visiwani nafasi zinazotangazwa kwa jina hilo ni chache. Viwanda vingi vipo Bara, hasa Dar es Salaam na Pwani. Mtoto anayesoma fani hii ajiandae kuanza kazi ng'ambo ya bahari, au kuomba kazi zenye majina mengine: ofisa ugavi, msimamizi wa ubora, mpangaji wa uzalishaji.

Hesabu ya gharama

Wazazi wengi huhesabu ada pekee. Ada ni sehemu tu. Ongeza dakhalia, chakula, nauli ya boti, vitabu, kompyuta, na gharama za mafunzo kwa vitendo. Chakula kihesabiwe ile ziada tu, kwani hata angebaki nyumbani angekula. Kisha ongeza kitu ambacho watu hukisahau: kipato ambacho angekipata kama angefanya kazi miaka hiyo minne.

Tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, weka zako. Tuseme gharama zote ni shilingi milioni 4 kwa mwaka, yaani milioni 16 kwa miaka minne. Tuseme angeweza kupata shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa miezi 48 ni milioni 12. Gharama ya kweli ni milioni 28.

Sasa upande wa faida. Tuseme akihitimu analipwa 800,000 kwa mwezi, na asingesoma kufikia wakati huo angekuwa anapata 350,000. Faida ya shahada si 800,000, bali ni ile tofauti, 450,000 kwa mwezi, sawa na milioni 5.4 kwa mwaka. Milioni 28 itarudi baada ya miaka mitano na miezi miwili hivi ya kazi. Akikaa miaka miwili bila ya kazi, anakosa milioni 8.4 nyengine, gharama inafika milioni 36.4, na itarudi baada ya karibu miaka saba tangu aajiriwe.

Kwa hivyo jambo kubwa si ukubwa wa ada, ni muda wa kusubiri kazi. Familia iulize: tukisubiri miaka miwili, tutaishi vipi?

Ijulikane pia kwamba shahada si mwisho wa safari. Tanzania Bara, mtu hafanyi kazi ya uhandisi bila ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu huanza na usajili wa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu.

Ipo na njia ya katikati: kuanza na stashahada, kwa mfano Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Mbweni, apate kazi, kisha ajiendeleze. Ni ndefu zaidi, lakini kipato huanza mapema.

Mkopo na suala la riba

Kanuni ni moja: mkopo unaosharutisha nyongeza kwa mkopeshaji ni riba, na riba ni haramu kwa nassi za Suratul Baqara. Nia njema ya kusoma haiihalalishi. Mkopo wa benki wenye riba, basi, usiuguse.

Mkopo wa serikali unahitaji ufafanuzi. Katika mikopo ya Bodi ya Bara ilikuwepo tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na wengi waliikataa kwa sababu hiyo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Ama ada ya uendeshaji, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilipitisha kwamba inajuzu ikiwa haizidi gharama halisi za kuuhudumia mkopo. Zanzibar nayo ina Bodi yake ya Mikopo. Chukua mkataba wa bodi unayoiomba, usome kila kifungu kinachotaja tozo au adhabu ya kuchelewa, na ukiona utata uupeleke kwa mwanachuoni kabla ya mtoto kutia saini.

Na mkopo ni deni. Kwa Bodi ya Bara, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Asidhani ni sadaka ya serikali. Deni humfuata mtu hadi kaburini.

Haki za dada zako

Hapa ndipo tulipopatia wasiwasi zaidi. Umesema shamba aliliacha mama kwenu watatu. Ikiwa hakuna mrithi mwengine, wewe una nusu, na kila dada ana robo. Huna ruhusa ya kuuza robo zao kwa ada ya mwanao, hata kama wamenyamaza kwa haya. Gawaneni kwanza, muandikiane. Wakiridhia baadae kusaidia, ni ihsani yao.

Hata nusu yako, usiharakie kuiuza. Mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri, na kisha huzaa kwa miongo. Ukiweza kulipa kwa mavuno, mti ubaki. Lakini jihadhari na vono: kuuza karafuu za shamba lako kabla hazijaonekana kufaa kumekatazwa katika hadithi sahihi, mbali ya kuwa bei yake humuumiza mkulima.

Na kama una watoto wengine, wazingatie. Matumizi ya skuli hufuata haja ya kila mtoto, lakini kumaliza mali yote kwa mmoja na kuwaacha wengine mikono mitupu ni kuwadhulumu.

La mwisho kwa kijana

Elimu wanayoihitaji Waislamu katika maisha yao ni fardhi kifaya, na Imam Ghazali amehesabu humo udaktari, hesabu na misingi ya ufundi. Hivyo anasoma kwa ujira akisahihisha nia. Lakini aamue tangu leo kwamba hataomba kazi kwenye viwanda vya ulevi. Bara ni miongoni mwa waajiri wa fani hii, na kutengeneza pombe kumelaaniwa kama kuinywa.

Kwa muhtasari: fani ni nzuri, kazi zipo lakini nyingi ni Bara. Gawaneni shamba kwanza. Ombeni mkopo wa serikali baada ya kuusoma mkataba, mavuno yazibe pengo, na kuuza sehemu yako kuwe hatua ya mwisho. Kisha salini istikhara, wewe na mwanao.

Wallahu a'lam.