NearLink: kasi ipo, majirani bado

Mei 2019 Marekani iliiingiza Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizoweza kuuziwa teknolojia yake bila kibali maalumu. Watu wengi walizungumzia Google na hatima ya simu za Android. Jambo dogo zaidi halikupigiwa kelele: siku zilezile jina la Huawei lilitoweka kwa muda kwenye orodha ya wanachama wa Bluetooth SIG, umoja wenye makao yake Kirkland, jimbo la Washington, unaomiliki alama ya Bluetooth na kupanga kanuni zake. Uanachama ulirejeshwa upesi. Hata hivyo, kampuni inayouza simu, saa na spika za masikioni kwa mamilioni ilikuwa imeona jinsi milango yake inavyofunguliwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine.

Septemba 2020 ukaanzishwa nchini China umoja wa SparkLink, wa kutunga kanuni mpya za mawasiliano ya masafa mafupi yasiyotumia waya. Agosti 2023, mjini Dongguan, Huawei iliitambulisha teknolojia hiyo kwa wateja kwa jina la NearLink, sambamba na mfumo wake wa uendeshaji, HarmonyOS 4. Wakati huo ilisema umoja una kampuni zaidi ya 300. Mwisho wa mwezi huohuo simu za Mate 60 zikaingia sokoni zikiwa nayo.

Huawei inadai kwamba, ikilinganishwa na Bluetooth, NearLink inatumia umeme pungufu kwa asilimia 60, ina kasi mara 6, ucheleweshaji wake ni sehemu moja ya 30, na inaunganisha vifaa mara 10 zaidi. Hizo ni hesabu za muuzaji, na msomaji azipokee hivyo. Ile ya kasi angalau chanzo chake kinaonekana: Bluetooth ya umeme mdogo inafika megabiti 2 kwa sekunde, wakati tawi la NearLink la umeme mdogo, liitwalo SLE, limepangiwa kufika megabiti 12. Tawi la pili, SLB, ni la kazi nzito, kama vile magari na skrini, na ndilo linalotajiwa ucheleweshaji wa mikrosekunde 20.

Je, mnunuzi ataziona tofauti hizo? Kwa wimbo wa kawaida unaosikilizwa ndani ya daladala, sidhani. Kwa mchoraji anayetumia kalamu ya kielektroniki, huenda. Kalamu ya M-Pencil iliyotoka 2023 pamoja na tableti ya MatePad Pro ya inchi 13.2 inatumia NearLink na inatambua viwango zaidi ya 10,000 vya mgandamizo. Hapo mstari ukichelewa nyuma ya mkono, kazi imeharibika. Mfano wa pili ni spika za masikioni za FreeBuds Pro 4 za 2024. Zikiwa na simu inayoelewana nazo, zinapokea sauti kwa megabiti 2.3 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kubeba muziki usiopunguzwa kitu. Ni jambo zuri kwa mwenye masikio makini na, muhimu zaidi, mwenye simu ya Huawei. Sharti hilo la simu ndilo linaloibana biashara yote hii.

Kiwango cha mawasiliano kinafanana na lugha ya sokoni: ufasaha wake haumsaidii mtu ikiwa wauzaji wa meza jirani hawaisemi. Bluetooth, iliyoasisiwa 1998 na Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, leo inaingizwa kwenye vifaa takribani bilioni 5 kila mwaka. Wanachama wake wamekubaliana kutumia hataza za kanuni hizo bila kutozana mrabaha; kinacholipwa ni ada ya kuidhinisha bidhaa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 8,000 kwa mwanachama wa ngazi ya kawaida. Kwa kiwanda kinachotoa spika milioni moja, ada hiyo haifiki hata senti moja ya dola kwa kila spika. Ni vigumu kushindana na bei hiyo kwa hoja ya mikrosekunde.

China imewahi kuonja ugumu huo. Mwishoni mwa 2003 ilitangaza kwamba vifaa vya intaneti isiyotumia waya vitakavyouzwa nchini humo vitalazimika kufuata kanuni yake ya usalama, WAPI. Intel ikasema haitaweza kupeleka huko chipu zake za Wi-Fi, serikali ya Marekani ikaingilia kati, na Aprili 2004 Beijing ikaahirisha sharti hilo. Miaka miwili baadaye kura za ISO zikaikataa WAPI isiwe kanuni ya kimataifa. Na si China pekee: HomeRF, kanuni ya mawasiliano yasiyotumia waya ya kampuni za Magharibi zenyewe, ilivunjwa 2003 baada ya Wi-Fi kushuka bei na kuenea.

Safari hii kuna tofauti moja kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanya NearLink isipuuzwe. Mwaka 2003 China ilikuwa ikiunganisha vifaa kwa chipu zilizobuniwa na wengine. Sasa inazibuni yenyewe. Chipu za Bluetooth zilizo ndani ya spika za bei nafuu zinatoka kwa kampuni kama Jieli ya Zhuhai na Bluetrum ya Shenzhen. Sabufa inayouzwa Kariakoo ikiwa na sehemu ya flashi, redio na Bluetooth imetokana na mnyororo huohuo wa viwanda vya Guangdong. Mwagizaji wa Dar es Salaam au Nairobi hachagui kanuni ya mawasiliano. Anachagua bei ya jumla, muonekano na ukubwa wa sauti, kisha anapakia kontena.

Kwa hiyo njia ya NearLink kufika kwetu, kama itafika, haitakuwa simu ya kifahari. Itapitia chipu za pamoja. HiSilicon, kampuni tanzu ya Huawei, tayari ina chipu moja yenye Wi-Fi 6, Bluetooth na SLE kwa pamoja, iliyolengwa kwa vifaa vya nyumbani. Kiwanda kikiinunua kwa ajili ya Wi-Fi, NearLink imeingia kama abiria aliyelipiwa nauli. Unabaki upande wa simu, na huko lango ni gumu zaidi: simu za Tecno, itel na Infinix, zote za Transsion ya Shenzhen inayoongoza kwa mauzo Afrika, kwa sehemu kubwa zinatumia chipu za MediaTek na Unisoc. Hao wawili wasipoiweka SLE kwenye chipu za bei ya chini, sabufa itabaki na lugha isiyo na wa kuzungumza naye.

Bluetooth nayo haijalala. Toleo la 6.0 la Septemba 2024 limeleta upimaji sahihi zaidi wa umbali kati ya vifaa, jambo linalowavutia watengenezaji wa funguo za magari, na Bluetooth SIG inaandaa kasi inayokaribia megabiti 8 kwa sekunde. Mwagizaji wa Kariakoo anayepewa leo orodha ya bidhaa yenye neno NearLink na bei iliyoongezwa kwa sababu yake, aulize kwanza ni simu zipi za wateja wake zitakazoitumia.