Kisu cha mashine ya kufyekea: mzazi, angalia haya kabla ya kununua

*Spea "inayofanana" huenda ikamaliza kazi ya shamba, lakini ikaacha jicho la mtoto matatani*

MASIKA yakimalizika kisiwani Pemba, majani huwa yamesimama kila pahala: pembezoni mwa njia, nyuma ya skuli, chini ya mikarafuu. Vitongoji, katika Wilaya ya Chake Chake, nako ni hivyo hivyo. Kazi ya kuyaondoa ilikuwa ya panga na jembe, lakini siku hizi ipo mashine ya kufyekea, ile ya kuning'iniza begani yenye injini ya petroli na kisu kinachozunguka mwishoni mwa bomba.

Mashine hiyo hupunguza kazi ya siku nzima ikawa ya saa chache. Tatizo huanza siku kisu kinapopinda kwa kupiga jiwe, au kinga yake ya plastiki inapopasuka. Spea yenyewe ikikosekana Chake Chake, huagizwa Unguja au Dar es Salaam ije kwa boti. Wakati huo majani yanakua, na mwenye shamba anataka njia iwe safi kabla karafuu hazijawa tayari kuchumwa. Hapo ndipo huja shauri la kufunga "hiki hiki, kinafanana".

Kwa familia, shauri hilo si la fundi peke yake. Uwanja unaofyekwa mara nyingi ndio huo huo watoto wanaochezea.

Kwa nini kufanana hakutoshi

Hesabu ndogo inatosha kuonesha hatari. Kisu chenye upana wa milimita 255, kikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha yake huenda kwa kasi ya takriban kilomita 384 kwa saa. Kipande cha chuma kikikatika kwa kasi hiyo, au jiwe dogo likipigwa nacho, mtu aliye mbele hana muda wa kukwepa.

Kwa hiyo anayekwenda dukani asitegemee macho yake wala ya muuzaji. Achukue kisu cha zamani mkononi, na aandike au apige picha kwa simu namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha mashine. Rangi ya mashine na jina la kampuni pekee havitoshi, kwa sababu kampuni moja hutengeneza mashine nyingi na spea zake haziingiliani zote.

Mambo ya kulinganisha ni haya:

Tundu la katikati. Visu vingi vina tundu la milimita 25.4, yaani inchi moja, lakini vipo vya milimita 20. Tundu likiwa dogo, wapo wanaolitanua kwa tupa. Likiwa kubwa, hujazwa kwa washa au kipande cha bati. Njia zote mbili hukitoa kisu katikati. Mashine hutetemeka, nati hulegea, na kisu huweza kuchomoka kikiwa kinazunguka.

Upana. Kisu kipana kuliko kilichopangwa huelemea injini na hutokeza nje ya kinga.

Kasi iliyoandikwa juu ya kisu. Kisu cha kweli huwa kimechapwa kasi ya juu kinayoweza kuhimili. Namba hiyo isiwe chini ya kasi ya mashine. Kisu kisicho na namba yoyote ni bora kukiacha dukani.

Kinga. Kisu cha chuma kina kinga yake na kamba ya nailoni ina yake. Kinga ya kamba huwa na kijembe kidogo kinachokata kamba iliyozidi urefu. Ikiondolewa, kamba hurefuka, injini ikaelemewa na kupata moto. Kubwa zaidi, kinga ndiyo inayozuia mawe yasimrukie anayefyeka, hivyo ikipasuka inahesabiwa ni spea ya lazima kama kisu chenyewe.

Waya, mnyororo na kuchomelea

Kamba ya nailoni ikimalizika, wapo wanaoweka waya wa chuma au kipande cha mnyororo. Hili lisifanywe kabisa. Waya hukatika vipande vipande na kila kipande huruka kama risasi. Kuhusu minyororo, Januari 2012 Tume ya Ulaya iliziagiza nchi wanachama kupiga marufuku uuzaji wa vifaa vya kufyekea vya aina hiyo kwa mashine za mkononi, baada ya ajali iliyoua mtu nchini Uingereza.

Kisu chenye ufa nacho hakichomelewi. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na pahala palipoungwa huwa ndipo pa kukatikia. Kisu hicho kitupwe mbali na mikono ya watoto. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa huvunja na mifupa.

Wakati wa kubadilisha, injini izimwe na kofia ya plagi ichomolewe kwanza. Nati inayoshika kisu kwa kawaida hufungwa kinyume na nati nyingine: kuizungusha kama mshale wa saa ndiko kuifungua. Asiyelijua hilo huitumia nguvu mpaka akaiharibu, kisha akatafuta nati yoyote ya kuziba pengo.

Kanuni ni moja hata kwa mashine za kupanda

Marekani na Ulaya, wenye viwanja vikubwa hutumia mashine ya nyasi ya kukalia, mfano wa trekta dogo. Visu vyake hufunikwa na sinia kubwa la chuma chini ya kiti. Sinia hilo, mkanda au kisu kikiharibika, spea hutafutwa kwa namba ya modeli vile vile. Madaktari bingwa wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto aliye chini ya miaka 12 asiendeshe mashine ya nyasi ya kusukuma, na aliye chini ya miaka 16 asiendeshe ya kukalia. Mashine ya begani nayo si kazi ya kumpa mtoto aliyerudi skuli.

Siku ya kufyeka

Watoto wawe ndani, au umbali usiopungua mita 15. Eneo likaguliwe kwanza na kuondolewa mawe, chupa, vifuu na waya. Anayefyeka avae miwani ya kazi, viatu vya kufunika vidole na suruali ndefu. Kandambili haifai. Mtu akimkaribia, azime injini na asubiri kisu kisimame kabisa ndipo amsikilize.

Likitokea la kutokea

Kitu kikiingia jichoni na kukwama, au jicho likitoboka, lisisuguliwe, lisioshwe wala lisitiwe dawa yoyote, iwe ya duka, ya miti au maziwa ya mama. Kitu kilichochoma kisichomolewe. Jicho lifunikwe kwa kikombe safi cha karatasi bila ya kulikandamiza, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Asipewe chakula njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila ya kuachia, isipokuwa kama kuna kitu kimenasa ndani. Hapo hukandamizwa pembeni yake. Hata likiwa dogo, lioneshwe kwa daktari, kwa sababu majeraha yenye udongo huweza kuleta pepopunda. Kwa wa Vitongoji, hospitali imo humo humo kijijini.

Ikiwa kisu sahihi bado hakijafika kwa boti, panga lipo. Litachukua siku mbili badala ya saa mbili, lakini halirushi mawe upande wa pili wa uwanja.