Dawa ya Samaki: Chakulani au Majini?

Wanachama wenzangu, na ninyi walimu wetu mnaotusahihishia insha kwa kalamu nyekundu, hebu kwanza tulitazame neno "dawa". Ukiumwa na kichwa unapewa dawa. Mende wakivamia jikoni unanunua dawa. Panya wakizidi, dawa vilevile. Ile ya kwanza inaponya na hizi nyingine zinaua, lakini lugha yetu imeziita zote kwa jina moja bila wasiwasi wowote. Mimi sikuwahi kulifikiria jambo hili hadi Julai mwaka jana, nilipotia dawa katika bwawa la mjomba wangu hapa Satellite, na asubuhi yake nikaokota samaki 31 wakielea tumbo juu.

Bwawa lenyewe si kubwa. Liko nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3, limechimbwa kwa jembe na kutandikwa plastiki nzito nyeusi. Ndani mlikuwa na ngege kama mia moja, wale ambao wengi wetu huwaita tilapia. Mjomba aliipata hamu ya kufuga samaki tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kufadhili uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa la mita mraba 300. Mengi ya mabwawa yale yaliachwa baadaye yakaota nyasi. Mjomba yeye akaona afadhali bwawa dogo analoweza kulitazama kutoka dirishani. Samaki wakikua, mkaza mjomba (najua wengi wenu mngesema "anti") huwakaanga na kuwauza jioni kando ya Barabara ya Naivasha. Fedha hizo ndizo zinazomlipia binamu yangu karo. Kwa hiyo samaki 31 si mchezo.

Ilikuwaje? Mjomba alikwenda ushago kwenye matanga akaniachia kazi ya kuwalisha. Sasa, ngege ni samaki wa joto. Hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za selisiasi, nasi tunakaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mnaijua Julai ya hapa, ile ya sweta juu ya sweta na jua lisiloonekana wiki nzima. Maji yakipoa, ngege hupunguza kula, na yakishuka kufikia nyuzi 16 hivi huacha kabisa. Mimi sikujua. Nilimwaga chakula kile kile cha siku zote, nikaona hawaji, nikadhani hawakukiona, nikaongeza kingine! Chakula kisicholiwa huzama na kuoza. Kikioza hutoa amonia, ambayo huchoma matamvua, yaani yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia. Pia huila oksijeni iliyomo majini. Samaki aliyedhoofishwa na baridi, kisha akachomwa na amonia, hana nguvu ya kupigana na vijidudu ambavyo vimo bwawani siku zote.

Siku ya tano niliona baadhi yao wana kitu cheupe mgongoni mfano wa pamba. Huyo ni kuvu wa maji. Hupenda ngozi iliyojeruhiwa na maji ya baridi. Jirani mmoja, mtu wa nia njema kabisa, akaniambia, "Kijana, wawekee mwarobaini. Mti unaotibu maradhi arobaini utashindwaje na samaki?" Nikakimbia sokoni Kawangware, nikanunua majani makavu, nikachemsha sufuria nzima hadi maji yakawa meusi, nikaacha yapoe, nikayamwaga bwawani magharibi. Mengine mmekwisha yasikia.

Mwalimu wetu wa biolojia hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Je, wewe ungekaa usiku kucha ndani ya chumba kilichojazwa moshi wa dawa?" Hapo ndipo nilipoelewa. Maji kwa samaki ndiyo hewa. Ukitia kitu majini hujampa kukila, umempa kukivuta ndani, na kutoka matamvuani kinaingia moja kwa moja katika damu. Mwarobaini una kemikali chungu ambazo huua wadudu wa shambani, na zikiwa nyingi majini huua samaki pia. Halafu mchuzi wa majani ni uozo mwingine unaoila oksijeni. Alfajiri ndiyo saa ambayo bwawa huwa na oksijeni kidogo zaidi, kwa sababu usiku mimea ya majini haiitengenezi bali huitumia. Nami nilimwaga jioni! Kama ningetafuta saa mbaya kuliko zote nisingepata nyingine.

Tena wazee wetu walijua jambo hili vizuri sana. Uko mmea uitwao utupa. Tangu zamani watu wa Afrika Mashariki waliyaponda majani yake na kuyatia katika maji yaliyotuama, samaki wakalewa na kuelea, wakaokotwa kwa mikono. Sumu ya utupa huzuia chembechembe za mwili zisiweze kuitumia oksijeni. Ni jani, limeota lenyewe porini, halikutengenezwa kiwandani, na linamaliza samaki wote. Basi mtu akikuambia, "Ni mitishamba tu, haina madhara," mkumbushe utupa.

Lakini msidhani nimekuja kuitukana mitishamba. Nilipoanza kusoma na kuuliza, niligundua kwamba wataalamu wa samaki duniani wanaichunguza kwa bidii, ila wao huipeleka mlango mwingine: chakulani. Na sababu yao ni nzito. Kwa miaka mingi wafugaji walipoona ugonjwa, au hata kabla ya kuuona, walitia viuavijasumu (hizi tunazoziita antibiotiki). Bwawani huwezi kumshika samaki mmoja mgonjwa ukamdunga sindano. Wote hupewa, wazima kwa wagonjwa, na sehemu kubwa ya dawa huishia majini na topeni. Huko bakteria huizoea, na waliokwisha kuizoea wanaweza kuwarithisha wenzao ujuzi huo, hata wale wanaotuletea maradhi sisi binadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuanzia Januari 2006 kuwalisha mifugo viuavijasumu kwa ajili ya kuwakuza tu. Ndipo macho yakageukia jikoni: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mlonge, shubiri.

Kilichochunguzwa sana ni kitunguu saumu. Katika majaribio mengi ngege wamelishwa chakula kilichochanganywa na saumu kwa majuma kadhaa, kisha wakaambukizwa makusudi bakteria wa majini aitwaye Aeromonas, ambaye huwatoa samaki vidonda na kuwajaza maji tumboni. Mara nyingi waliokula saumu walikufa wachache kuliko wasioila. Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, imefanya kazi nyingi ya aina hii. Saumu nzima haina makali. Ukiiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani ya punje hukutana na kufanya kile chenye harufu kali. Chenyewe huua baadhi ya bakteria utumboni, na pia huonekana kuamsha chembechembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa mwili. Ukiipika kabla ya kuiponda, makali hayo hayatokei vizuri. (Wapishi wa pilau mlijue hilo.)

Kipimo ndicho kilichonishangaza. Majaribio mengi hutumia kati ya gramu 5 na 30 kwa kilo moja ya chakula. Tuseme gramu 10. Sasa piga hesabu ya bwawa la mjomba: samaki 100 wa gramu 100 kila mmoja ni kilo 10. Hulishwa kama asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 300 za chakula. Saumu inayotakiwa hapo ni gramu 3. Hiyo ni punje moja! Mimi nilikuwa nimemwaga sufuria. Punje hiyo unaiponda, unaiacha dakika kumi, unaichanganya na kijiko cha mafuta ya kupikia, unaipaka kwenye chakula, unakianika kivulini, na kukilisha siku hiyo hiyo. Mafuta huzuia dawa isioshwe na maji kabla samaki hajameza.

Mingine nitaigusa kwa haraka. Majani ya mlonge yana protini nyingi, lakini yakipita sehemu ya kumi ya chakula, ukuaji wa ngege huweza kurudi nyuma, kwani yana pia vitu vinavyozuia chakula kusagika vyema. Mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa ni kisa kingine kabisa. Watafiti wa Nigeria waliwalisha ngege wakaona uwezo wao wa kuzaa unapungua. Kwa mfugaji hiyo huweza kuwa heri, maana ngege huzaana ovyo hadi bwawa zima linajaa vidagaa wasiokua. Kwa anayefuga ili auze vifaranga ni balaa.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa dawa za mitishamba hawapendi kulitaja. Samaki mgonjwa hali. Ndiyo dalili yake ya kwanza. Sasa hiyo dawa uliyoitia chakulani itamfikiaje? Kwa hiyo saumu na wenzake si tiba ya yule aliyekwisha ota pamba mgongoni. Ni kinga ya mzima, ya kutangulizwa majuma kadhaa kabla ya baridi. Zaidi ya hayo, majaribio mengi yamefanywa katika matangi safi, maji yamepimwa kila siku. Bwawa letu halikuwa hivyo. Hata ningewapa saumu tangu Mei, kisha nikarundika chakula mle Julai, amonia ingewachoma tu.

Mjomba aliporudi hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akanipa ndoo. Tulitoa theluthi moja ya maji na tope la chini, tukatia maji mapya yaliyokaa siku mbili kwenye pipa ili klorini ya mfereji itoke, tukaacha kulisha kwa siku nne. Wenye pamba nyingi tuliwatoa. Waliobaki walipona bila jani lolote, wakauzwa Desemba, ingawa karo ya muhula wa kwanza ilibidi ikopwe.

Mwaka huu tulianza saumu mwezi Mei, punje moja kwa siku, na Julai tukapunguza chakula hadi kile kinacholiwa kikaisha kwa dakika kumi, tena saa saba mchana jua likiwa limewasha maji kidogo. Mpaka ninapoandika haya amekufa mmoja, naye alichukuliwa na paka. Mkaza mjomba analalamika tu kwamba saumu zake za jikoni haziishi wiki.