Studio ya nyumbani: tuanze na sauti ya mzee, sampla itafuata

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikapumzika Tabora na kuishia Ujiji, haikupitisha pembe za ndovu na watumwa peke yake. Dini na lugha ya Kiswahili pia zilisafiri humo, na hadi leo kaswida na maulidi husomwa majumbani mwa watu wa Tabora. Lahani nyingi hazikuandikwa popote. Zimo vifuani mwa wazee, na mzee akifariki huondoka nazo.

Kwa hiyo tunafurahi tunapoona vijana wetu wakitaka kufungua studio chumbani kwa kinanda na kompyuta mpakato. Swali lao ni moja: fedha zikiwa kidogo, inunuliwe kwanza kadi ya sauti au sampla? Jibu letu ni kadi ya sauti.

Kadi ya sauti ndiyo mlango wa kuingilia kompyuta. Huupokea umeme hafifu wa kipaza sauti, huukuza, kisha huugeuza kuwa tarakimu. Kwa kiwango cha sidii, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa biti 16. Kadi nyingi za sasa hupima kwa biti 24, nayo ni faida kubwa kwa msomaji anayeanza kwa sauti ya chini kisha akapaza ghafla. Ile iliyomo ndani ya kompyuta mara nyingi huchanganya sauti na mvumo wa mitambo. Tafuteni ya nje, ya waya wa USB, yenye matundu mawili ya vipaza sauti: moja la msomaji, jingine la dufu. Ikiwa inapata umeme kutoka kwenye kompyuta, umeme wa mtaani ukikatika kazi itaendelea kwa betri.

Kabla ya kulipa, ijaribuni kwa kinanda. Bonyezeni kitufe na msikilize sauti inachelewa kiasi gani. Kuchelewa kwa sehemu 10 za elfu ya sekunde ni sawa na kumsikia mpiga dufu aliye umbali wa mita tatu na nusu hivi, hakuna neno. Ikizidi sana hapo, mpigaji atapotea.

Sampla nayo huhifadhi vipande vya sauti halisi na kuvitoa kitufe kinapobonyezwa. Si lazima iwe chombo cha pekee, kwani zipo programu zinazofanya kazi hiyo, nyingine za bure. Kinanda cha zamani chenye MIDI, utaratibu uliopo tangu 1983, kinatosha, kwa sababu hupeleka habari tu ya kitufe kipi kimebonyezwa na kwa nguvu gani. Lakini ngoma zinazokuja na programu hizo si dufu la Tabora. Rekodini la kwenu, katikati na ukingoni, kwa upole na kwa nguvu, mara kadhaa kila pigo. Kadi ikiwa mbovu, sampla itahifadhi ubovu huo huo.

Tunajua maulamaa wametofautiana kuhusu ala za muziki, na wapo wasioruhusu ila dufu. Kila familia ifuate mafundisho ya sheikh wake. Isiyotaka kinanda haipotezi kitu kwa ushauri huu, kwa kuwa kadi ya sauti huihudumia kwanza sauti ya mwanadamu.

Msingojee masika, kwani mvua juu ya bati hufunika kila sauti. Rekodini baada ya Isha mtaa unapotulia, mkitundika mablanketi ukutani kupunguza mwangwi. Mwombeni mzee idhini, naye ataje jina lake, tarehe, na aliyemfundisha. Saa moja ya kiwango cha sidii huchukua takriban megabaiti 635, hivyo flashi ya gigabaiti 32 hubeba karibu saa 50. Wekeni nakala katika nyumba mbili.

Sampla itapatikana hata mwakani. Umri wa wazee wetu hatuna ahadi nao. Allah awape afya na awabariki wanaowasikiliza. Amin.