Hesabu za Kuvuka Atlantiki kwa Tanga

Kila mwaka, kuanzia Novemba, mashua ndogo za tanga hung'oa nanga Las Palmas, katika Visiwa vya Kanari, zikielekea Barbados na visiwa vingine vya Karibi. Safari hiyo ni ya takribani maili 2,700 za baharini. Mashua ya mita 10 yenye watu wawili huenda wastani wa maili 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Hata isiposimama usiku wala mchana, itakaa majini siku 22 na nusu. Katika siku hizo hakuna duka wala zahanati, na wiki nzima yaweza kupita bila kuona meli. Kinachowafikisha watu hao ng'ambo si misuli wala ushujaa. Ni kuzijua tabia za upepo, maji na mwili wa binadamu, na kupanga safari kwa kuzifuata.

Hesabu ya kwanza ni ya upepo. Jua huipasha joto hewa ya ikweta, hewa hiyo ikapanda, ikasambaa juu, kisha ikashuka karibu na nyuzi 30 kaskazini na kusini. Inaporejea ikweta chini chini, mzunguko wa dunia huipinda kuelekea magharibi. Hizo ndizo pepo za biashara. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi zipokezane, kwa kuwa bara la Asia hupata joto na kupoa kwa zamu. Katika Atlantiki, pepo za biashara huvuma upande ule ule mwaka mzima, ingawa nguvu zake hupungua na kuongezeka. Ndiyo maana nahodha anayetoka Kanari haendi Karibi moja kwa moja. Huteremka kusini kwanza. Mabaharia wa Kiingereza husema: shuka mpaka siagi iyeyuke, ndipo ugeuke magharibi.

Lakini hata upepo ukiwa mzuri, mashua ndogo haiwezi kwenda itakavyo. Inapokata maji huzaa wimbi lake yenyewe, na kadiri inavyokaza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Likifikia urefu wa mashua, omo huinuka na tezi kuzama, na nguvu yote ya tanga huishia katika kulipanda wimbi hilo. Kwa mashua yenye urefu wa mita 9 pale inapogusa maji, kikomo hicho ni kama maili 7 kwa saa. Hakuna wingi wa matanga utakaokiondoa. Anayesafiri hivi lazima aukubali upole wa mwendo, halafu apige hesabu ya vyote vitakavyotumika njiani.

Kikubwa kuliko vyote ni maji ya kunywa. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Mtu akinywa lita moja ya maji hayo, mwili utalazimika kutoa zaidi ya lita moja ili kuiondoa chumvi iliyoingia. Kwa hiyo kila funda humzidishia kiu. Mwaka 1952, daktari Mfaransa Alain Bombard alivuka kutoka Kanari hadi Barbados kwa siku 65 katika boti ya mpira, akiishi kwa samaki, maji ya mvua na maji kidogo ya bahari. Alifika hai, lakini alikuwa amepungua kilo 25. Daktari Mjerumani Hannes Lindemann naye aliivuka Atlantiki peke yake mara mbili, mwaka 1955 na 1956, akapinga vikali fundisho la kunywa maji ya bahari. Sayansi imesimama upande wa Lindemann.

Watu wawili wakitumia lita 3 kila mmoja kwa siku, siku 23 zinahitaji lita 138. Nahodha makini hubeba 200 au zaidi, tena katika vyombo tofauti, ili kimoja kikichafuka kingine kibaki salama. Mwingereza Robin Knox-Johnston alilijua jambo hilo alipoizunguka dunia peke yake bila kusimama bandarini, mwaka 1968 hadi 1969, ndani ya Suhaili, mashua ya mita 9.8 iliyoundwa Bombay. Matangi yake yalichafuka katika bahari ya kusini, ikabidi akinge mvua iliyochuruzika kwenye matanga. Alirudi Falmouth baada ya siku 312.

Chakula nacho kina kanuni zake. Viazi, vitunguu, kabichi na malimau hustahimili wiki kadhaa vikipata hewa. Mayai ambayo hayajaoshwa hudumu bila friji, kwa kuwa ganda lake bado lina utando wa asili unaozuia vijidudu. Mabaharia wengine huyapaka mafuta ya mgando. Mkungu wa ndizi ndio mtihani. Ndizi moja ikiiva hutoa gesi ya ethilini, gesi hiyo ikaziivisha jirani zake, na ghafla watu wawili wana mkungu mzima wa kumaliza kwa siku tatu.

Mwili nao hutaka muda. Sikio la ndani huuambia ubongo kwamba tunayumba, huku macho yaliyo chumbani yakiona ukuta umetulia. Mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Wengi huzoea baada ya siku mbili tatu. Usingizi ni mgumu zaidi, kwa sababu lazima mmoja awe macho daima. Mtu aliyeketi, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake hauzidi kilomita 5 au 6. Meli kubwa huonekana mbali zaidi, lakini kwa mwendo wake yaweza kukufikia katika dakika 20 tangu taa zake zitokeze. Kwa hiyo wawili hupokezana zamu za saa tatu au nne, na anayesafiri peke yake hulala vipande vifupi. Mwaka 1989, mtafiti Claudio Stampi alichapisha uchunguzi wa mabaharia 99 wa mashindano: waliofanya vizuri zaidi ni wale waliolala kwa vipande vya kati ya dakika 20 na saa moja. Wakati wa hatari ni kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, mwili unapotaka kulala kuliko wakati wowote.

Katika zamu hiyo ndipo kazi ndogo huokoa safari. Mashua ikiyumba mara moja kila sekunde 4, imeyumba mara 21,600 kwa siku, na kila mara kamba husugua kapi pale pale. Aliye zamu huipapasa kamba gizani, akisikia nyuzi zimeanza kuchomoza huilegeza kwa upana wa kiganja ili sehemu nyingine ibebe mzigo. Hata upepo ukifa msuguano haukomi, maana bahari haishi zinge: mawimbi ya dhoruba ya mbali huendelea kuitikisa mashua na kuyapiga matanga.

Hesabu hizi hazihusu Atlantiki tu. Mvuvi wa Kilwa, Pemba au Lamu ambaye injini imemzimikia nje ya miamba yuko katika safari ile ile, ila yeye hakuipanga. Kwa hiyo, wewe unayetoka alfajiri ukitarajia kurudi jioni: beba maji ya siku tatu, katika madumu mawili, na tanga la akiba hata kama una injini. Na kiu ikikubana, usinywe maji ya bahari.