Mbwa mzee akikataa bugali

Katika vijiji vya Masisi na Walikale mbwa (ao imbwa, vile tunasema nyumbani) hana sahani yake. Anakula yenye kubakia. Wakati angali kijana hilo si shida: anakula bugali baridi, anaenda kujitafutia panya shambani. Lakini akifika miaka nane ao kumi, siku moja ananusa bugali, anageuza kichwa, anaenda kulala. Baada ya miezi miwili mbavu zinahesabika. Wengine wanasema: «Huyu ameingiwa na kiburi, anataka nyama tu.» Wengine wanasema ni uzee, hakuna la kufanya. Mara nyingi wote wanakosa.

Tuseme kwanza ni mbwa gani. Upande wa Walikale, ndani ya msitu, mbwa wa kuwinda ni mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, tena habweki sana. Ndiyo sababu wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni, wasimpoteze. Mbwa wa jamaa hiyo walitolewa Kongo wakapelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, na huko wanaitwa Basenji mpaka leo. Ana kilo kumi hivi, na akitunzwa anaweza kupita miaka 12. Upande wa Masisi, penye milima na malisho, mbwa analinda lupango na ng'ombe. Mzee kama huyo anajua njia na anajua sauti ya mgeni. Kufundisha mwingine si kazi ya siku moja.

Sasa, jambo la kwanza si chakula, ni kinywa. Meno yanaoza, ufizi unavimba. Mwangalie vizuri: anakuja mbio penye chakula, anashika tonge, analiacha lianguke, ao anatafuna upande mmoja tu, na kinywa kinanuka. Huyo hana kiburi, ana njaa na maumivu. Chakula laini peke yake kinaweza kumrudishia hamu.

Lakini hapa musimame kidogo. Kama mbwa amebadilika ghafula, mate yanatoka, sauti imegeuka, anashindwa kumeza, hapana kuingiza mkono kinywani! Mtu anafikiri mfupa umemkwama, kumbe ni kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wengi wanaita raje. Ukisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara unaua. Mwenye kuumwa, ao mwenye mate kumgusa kwenye kidonda, aoshe pahali pale kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile juu ya chanjo. Asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Kwa mbwa mtulivu, linalofuata ni minyoo. Munganga wa nyama anatoa dawa kwa hesabu ya kilo za mbwa; dawa ya watu isikisiwe tu. Na kama anakonda huku anakunywa maji mengi sana na kukojoa kila wakati, pengine ni figo ao sukari, na chakula pekee hakitamponyesha.

Tuje kwenye sahani. Shida kubwa iko katika bugali ya muhogo. Katika gramu 100 za unga wa muhogo protini ni gramu moja ao mbili tu. Unga wa mahindi una nane hivi, maharagwe makavu yanapita 20, ndagala kavu zinapita 50. Na mbwa mzee anaomba protini kuliko mbwa wa makamo, sababu misuli yake inapungua upesi. Kwa hiyo unamjazia sahani, tumbo linajaa, na mgongo unazidi kuwa kama msumeno. Watu wanashangaa: anakula, mbona anakonda? Anakula wanga.

Mbwa wa kilo kumi asiyefanya kazi nyingi anahitaji kalori 500 mpaka 600 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese kina kalori kama 120, yai moja 70. Basi kijiko kimoja tu ni karibu sehemu ya tano ya siku nzima! Hii ndiyo njia ya mbwa mwenye kula kidogo: usimwongezee wingi, umtilie nguvu ndani ya matonge machache. Anza na kijiko kidogo cha mafuta, uongeze polepole kwa siku saba ao kumi. Ukikimbia, atahara, na kilo ulizotafuta zitatoka kwa njia ile.

Mchanganyiko mzuri ni bugali laini ya mahindi ao wali uliopikwa sana, ndagala zilizochemshwa bila chumvi na kupondwa pamoja na maji yake, mafuta kidogo, na yai la kupikwa likipatikana. Maharagwe pia, lakini yachemke mpaka yapondeke, na yasiwe mengi. Kwa Masisi kuna bahati nyingine: fromaji. Maziwa ya kawaida yanaharisha mbwa wengi wakubwa, hawawezi sukari iliyo ndani yake. Maziwa ya kuganda ni afazali. Fromaji iliyokomaa karibu haina sukari hiyo, na kipande cha kidole gumba, kikivunjwavunjwa juu ya chakula, kinamfanya mzee asimame. Najua mtu atacheka: fromaji kwa imbwa? Yatosha vile vipande vyenye kubaki kisuni.

Mbwa anachagua kwa pua, na pua ya mzee imechoka. Chakula baridi hakina harufu. Kipashe moto kidogo, kiwe na joto la mkono wako. Mpe mara tatu ao ine kwa siku, pahali pa utulivu, mbali na mbwa vijana wenye kumnyanganya. Asipokula kwa dakika 20, ondoa sahani bila maneno. Ukimbadilishia chakula kila saa anapokataa, hapo kweli unamfundisha kuchagua.

Sombe na mchuzi wenye vitunguu vyamuharibia damu, hata vikipikwa. Makayabu yalowekwe usiku mzima na maji yabadilishwe, ao yaachwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano. Na mapafu ao maini ya ng'ombe yenye vifuko vya maji, ambayo wachinjaji wanayatupia mbwa, yazikwe: mbwa akiyala mabichi anapata minyoo, mayai yake yanatoka kwa mavi, na watoto wenye kucheza naye ndio wanaugua.

Kuna nyumba ambamo watoto wanalala njaa, na huko hakuna mwenye kudai yai la mbwa. Lakini vichwa vya ndagala, maji ya kuchemshia samaki, damu na matumbo ya mbuzi vikichemshwa vizuri, kumbikumbi wakati wao, hivyo havinyimi mtoto kitu.

Vita vya mwaka 2024 na 2025 vilifukuza watu wengi Masisi na Walikale, na mbwa waliobaki katika lupango tupu walikonda mpaka mifupa. Mbwa aliyeshinda na njaa wiki nyingi asijaziwe tumbo siku ya kwanza. Chakula kingi cha ghafula kinaweza kumuua. Uji mwepesi wenye ndagala, kidogo kidogo, mara tano kwa siku, kisha uongeze kila siku.

Juu ya kupima, panda kwenye balansi ya depo ya maharagwe ukimbeba, kisha upande peke yako, utoe hesabu. Mbwa wa kilo kumi akiongeza gramu 100 mpaka 200 kwa wiki, yatosha. Bila balansi, pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike chini ya ngozi yenye mafuta kidogo, kama unapogusa mgongo wa mkono wako. Kama amekula vema wiki tatu na bado anapungua, usiongeze mafuta tena. Mpeleke kwa munganga.