Chuo Kikuu, Askari na Mwanafunzi wa Nakivale

Mjini Mbarara, kusini-magharibi ya Uganda, kambi ya jeshi na chuo kikuu ni majirani. Askari wa zamu huwaona wanafunzi wakipita na vitabu vyao, na wanafunzi huwaona askari wakipita na silaha zao. Kuonana, hata hivyo, si kufahamiana. Yafaa basi kueleza chuo kikuu ni kitu gani, huongozwa vipi, na kwa nini usalama wake umhusu mtu aliyevaa sare.

Jeshini amri hutoka juu ikashuka chini, na ni sawa iwe hivyo, kwa kuwa kikosi kinachojadiliana mbele ya adui hakina maisha marefu. Chuo kikuu nacho kina vyeo vyake. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2001, Mkuu wa Chuo cha umma ni kiongozi wa heshima, ambaye hutunuku shahada. Makamu wake ndiye mtendaji wa kila siku. Baraza la Chuo ndicho chombo cha juu kabisa cha uongozi, nalo husimamia mali na sera. Mambo ya masomo, mitihani na utafiti yamo mikononi mwa Seneti, yaani mkutano wa wasomi wenyewe.

Madaraka yamegawanywa hivyo kwa sababu maalumu. Ukweli wa kitaalamu haufuati cheo. Kamanda aweza kuamuru kikosi kivuke mto, lakini hawezi kuamuru dawa iponye malaria. Askari wengi waliolala porini wanaijua kwinini, dawa iliyoaminiwa kwa vizazi vingi kuwa ndiyo kinga ya mwisho dhidi ya malaria kali. Kati ya mwaka 2005 na 2010 watafiti waliilinganisha na dawa ya artesunati kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na Mbarara ilikuwa miongoni mwa vituo vya kazi hiyo. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Katika kila 1,000 waliopewa artesunati walikufa 85. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likabadili maagizo yake. Maisha hayo yaliokolewa kwa sababu wapo watu walioruhusiwa kuitilia shaka dawa iliyoheshimiwa na wakubwa wao. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Chuoni, kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Chuo kikongwe katika nchi hii ni Makerere, kilichoanza Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Humo walisoma Julius Nyerere, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa, ambao baadaye waliongoza mataifa yao.

Lakini mwaka uliofuata yalianza mambo ambayo askari wa leo hana budi kuyafahamu. Julai 1971, Robert Siedle, mhadhiri wa Makerere, alifuatana na mwandishi wa habari Nicholas Stroh, Mmarekani mwenzake, hadi Mbarara. Walikuwa wakifuatilia habari za mauaji ndani ya kambi ya Simba. Hawakurudi. Uchunguzi wa Jaji David Jeffreys Jones ulithibitisha kwamba waliuawa na watu wa kikosi hicho, na jaji mwenyewe aliondoka nchini kabla taarifa yake haijatangazwa. Ni muhimu kukumbuka kwamba waliouawa katika kambi ile walikuwa askari wa Uganda, waliochinjwa na wenzao kwa sababu ya kabila. Swali ambalo wageni wale wawili walikwenda kuliuliza lilikuwa ni kwa ajili ya roho za askari.

Oktoba 1972, Frank Kalimuzo, Makamu wa Mkuu wa Makerere, alichukuliwa na watu wa dola na hakuonekana tena. Mkuu wa Chuo wakati huo alikuwa Idi Amin mwenyewe. Agosti 1976 askari waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Walimu wengi wakakimbilia nchi za nje, na pamoja nao ukaondoka ujuzi wa miaka mingi. Hasara hiyo haikuishia kwa raia. Daktari aliyekimbia hakuwapo kumtibu askari aliyejeruhiwa, wala mwalimu aliyekimbia hakuwapo kumfundisha mtoto wa askari.

Nchi ilipoanza kujijenga upya, mwaka 1989 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, chenye shule ya pili ya udaktari katika Uganda. Profesa Frederick Kayanja alikiongoza tangu mwanzo hadi mwaka 2014. Wanafunzi wa udaktari hapo hujifunzia katika hospitali kuu ya mkoa, tena hupelekwa vijijini, wapate kujua maradhi ya mwananchi pale anapoishi.

Kusini-mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda, na leo yana watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Kiswahili husikika sana sokoni kwao, kama kisikikavyo katika kambi za jeshi na vituo vya polisi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawasawa na raia. Elimu ya juu, hata hivyo, ina mlima wake: ada, lugha ya Kiingereza kwa waliosoma kwa Kifaransa, na zaidi ya yote, vyeti. Kijana aliyemaliza sekondari Bukavu hawezi kupokewa chuo kikuu kabla cheti chake hakijalinganishwa na vya Uganda. Aliyekipoteza njiani huenda akaanza upya. Tangu mwaka 1992 serikali ya Ujerumani imekuwa ikigharimia masomo ya baadhi ya wakimbizi kupitia Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, mwaka 2023 walioingia elimu ya juu duniani kote walikuwa kiasi cha 7 tu katika kila wakimbizi 100 wa umri huo.

Hapo ndipo kazi ya askari inapokutana na kazi ya chuo kikuu. Afisa anayepekua mzigo mpakani au kwenye kizuizi cha barabarani hukuta humo bahasha iliyokunjamana. Aweza kuitupa matopeni, aweza pia kuirudisha mahali pake. Kwake ni karatasi. Kwa mwenye mzigo ni miaka kumi na miwili ya masomo, na pengine ni daktari wa kesho wa hospitali ya Mbarara.

Hali kadhalika lango la chuo. Oktoba 2019, wanafunzi wa Makerere walipopinga nyongeza ya ada ya asilimia 15, askari na polisi waliingia mpaka mabwenini, na malalamiko ya wanafunzi kupigwa yakafika bungeni. Kulinda mali na kuzuia fujo ni wajibu wa polisi. Kumpiga mtu kitandani mwake si sehemu ya wajibu huo. Mwanafunzi mwenye dai apelekwe kwa Baraza lake na kwa Seneti yake. Mwenye kosa apelekwe mahakamani. Na mwenye swali aachwe aulize. Jeshi linalofanya hivyo hulinda pia hospitali litakayotibiwa humo na shule watakazosoma watoto wake.